Maafikiano yaliyozaa mihimili mitatu ya dola Marekani

KATIBA ya Marekani haikuandikwa na watu wenye kauli moja. Ilitokana na mabishano ya takriban miezi minne mjini Philadelphia mwaka 1787, yaliyowakutanisha wajumbe 55 kutoka majimbo 12. Jimbo la Rhode Island lilikataa kupeleka mjumbe. Ilipofika Septemba 17, siku ya kutia saini, waliosaini walikuwa 39.

Mvutano mkubwa ulihusu uwakilishi. Virginia, jimbo lenye watu wengi, lilitaka viti vya Bunge vilingane na idadi ya watu. New Jersey, likitetea majimbo madogo, lilidai kura sawa kwa kila jimbo. Julai 16, pendekezo la wajumbe wa Connecticut lilipita kwa kura za majimbo matano dhidi ya manne: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, na Seneti iwe na kura sawa kwa kila jimbo. Ndiyo maana hadi leo California, yenye watu wapatao milioni 39, ina maseneta sawa na Wyoming, yenye watu chini ya 600,000.

Maafikiano mengine yaliacha doa. Majimbo ya Kusini yalitaka watumwa wahesabiwe katika kugawa viti, ilhali watumwa hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Ikakubaliwa kuwa watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, na kwamba Bunge lisipige marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Umoja ulipatikana, lakini gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwa na mwakilishi mkutanoni. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa kuhofia udikteta, waandishi wa Katiba waligawa madaraka. Bunge hutunga sheria na kuidhinisha fedha, Rais hutekeleza, na mahakama hutafsiri. Hata hivyo, hakuna mhimili unaojitosheleza. Rais anaweza kuukataa muswada kwa kura ya turufu, lakini Bunge linaweza kuitengua kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Majaji huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Rais hushtakiwa na Baraza la Wawakilishi, kisha Seneti ndiyo humhukumu.

Mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, Mahakama ya Juu ilijitwalia mamlaka ya kubatilisha sheria inayokiuka Katiba, ingawa Katiba yenyewe haikuyataja waziwazi.

Mfumo huo ulipimwa mwaka 1974, Mahakama hiyo ilipomwamuru Rais Richard Nixon kukabidhi kanda za mazungumzo yake kuhusu kashfa ya Watergate. Mahakama haina jeshi, lakini Nixon alitii, na Agosti 9 akajiuzulu.

Kubadili Katiba hiyo si kazi nyepesi. Marekebisho huridhiwa na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, na hakuna jimbo linaloweza kunyang'anywa usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake. Hivyo, maafikiano ya Julai 1787 yana kinga ambayo hata wingi wa wapiga kura peke yake hauwezi kuivunja.