Kabla ya Bwana Lăzărescu

Mei 2025 ilitimia miaka 20 tangu mwongozaji Cristi Puiu apeleke kwenye tamasha la Cannes filamu ya dakika 153 kuhusu mzee wa Bucharest anayeumwa kichwa na tumbo. Dante Remus Lăzărescu, mjane anayeishi na paka wake, anaita gari la wagonjwa, kisha usiku kucha anazungushwa hospitali nne. Madaktari wanamkaripia kwa harufu ya pombe kabla ya kumpima. Mmoja anagoma kumpasua kwa sababu mgonjwa, ambaye akili imeshaanza kumtoka, hataki kutia sahihi. Anamshauri muuguzi azunguke naye garini mpaka azimie, ndipo amrudishe, maana aliyezimia haombwi sahihi. Mtazamaji anajikuta amecheka, halafu anaona haya.

Filamu hiyo, Moartea domnului Lăzărescu, ilitwaa tuzo ya Un Certain Regard, na tangu hapo ikawa desturi kusimulia kana kwamba sinema ya Romania ilizaliwa mwaka ule. Hata kitabu cha mtafiti Dominique Nasta cha 2013 kimebeba neno muujiza kwenye jina lake. Uzuri ni kwamba Nasta mwenyewe anarudi nyuma kumtafuta mzee wa ukoo, na anampata: mwongozaji Lucian Pintilie.

Mwaka 1968 Pintilie alikamilisha Reconstituirea, kutokana na hadithi ya Horia Pătrașcu iliyojengwa juu ya tukio la kweli. Vijana wawili, Vuică na Ripu, wamelewa, wamepigana na kuvunja vitu baa. Badala ya kuwafunga, wakubwa wanaamua kuwatumia: warudie ugomvi wao mbele ya kamera, itoke filamu ya kuwaonya raia juu ya ulevi. Mwendesha mashtaka yupo, polisi yupo, mwalimu yupo. Kutoka uwanja wa jirani zinasikika kelele za washabiki wa mpira. Jua linapanda, vijana wanasubiri, kisha wanaambiwa ngumi zao hazionekani za kweli, wapigane vizuri. Ripu anatii. Vuică anaanguka, kichwa kinagonga jiwe, anakufa kwa ajili ya filamu ya kufundisha maadili.

Wenye watani wanajua jinsi mtu anavyoweza kutaniwa akiwa jenezani, wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kicheko cha Pintilie ni cha namna hiyo, ila anayetaniwa hapa si marehemu bali ofisi iliyomuua.

Ofisi ilielewa. Filamu ilikaliwa hadi Januari 1970, ikaonyeshwa kidogo Bucharest, ikaondolewa. Pintilie akageukia jukwaa, na mwaka 1972 akaongoza tamthilia ya Gogol kuhusu mkaguzi wa serikali. Baada ya maonyesho matatu tu, nayo ikafungiwa. Milango ya kazi nyumbani ikafungwa, akaenda kuongoza michezo Ufaransa na Marekani. Aliporuhusiwa kupiga De ce trag clopotele, Mitică?, iliyokamilika 1981, ikawekwa kabatini mpaka dikteta Ceaușescu aondoke. Mwaka 2008 wakosoaji wa Romania waliitaja Reconstituirea kuwa filamu bora kuliko zote za nchi yao. Heshima imekuja, miaka 40 baadaye.

Anayedhani mambo hayo yameisha na aitazame filamu ya Radu Jude ya 2023 ambayo jina lake linataja mwisho wa dunia. Kampuni inarekodi video ya usalama kazini, na mfanyakazi aliyeumia anaelekezwa abadilishe maelezo yake kidogo kidogo, mpaka kosa linakuwa lake. Kamera haisogei. Jude huyo alikuwa msaidizi wa Puiu kwenye Lăzărescu. Naye Puiu, pamoja na Răzvan Rădulescu, alikuwa amemwandikia Pintilie muswada wa filamu ya Niki Ardelean, iliyotoka 2003. Muujiza gani huo wenye nasaba iliyonyooka hivyo?

Hata mwendo wa pole wa filamu ya Puiu una sababu. Kwa karibu saa nzima ya mwanzo, Lăzărescu yuko kwenye fleti yake akisubiri gari, majirani wakiingia na kutoka na ushauri wao. Kuikata subira hiyo kungekuwa kuwasamehe waliomchelewesha.

Mengine yanajulikana. Mwaka 2006 Corneliu Porumboiu alishinda Camera d'Or kwa kichekesho kinachochezwa Vaslui, ambako kituo kidogo cha televisheni kinabishania kama kuna mtu alijitokeza uwanjani kabla ya saa 6:08 mchana, Desemba 22, 1989, Ceaușescu alipokimbia. Mwaka 2007 Cristian Mungiu akaleta Palme d'Or kwa filamu kuhusu wanafunzi wawili na utoaji mimba, enzi ulipokuwa umepigwa marufuku tangu 1966.

Ushindi huo wa Mungiu ndio ulioanika aibu. Kumbi za sinema za enzi ya ukomunisti zilikuwa zimefungwa kwa wingi, nyingine zikageuzwa za bingo. Aliyeshinda tuzo kubwa kuliko zote Cannes ilimlazimu kuipeleka filamu yake mji hadi mji kwa msafara wenye mashine ya kuonyeshea, ili Waromania waione. Tamasha la filamu la TIFF mjini Cluj, lililoanza 2002, hujaza viti uwanjani kila mwaka, na waandaaji wake waliendesha kampeni ya kuziokoa kumbi hizo. Wanasiasa huja kupiga picha na washindi uwanja wa ndege. Kuezeka paa la ukumbi wa wilaya ni kazi wanayoachiwa watu wa filamu wenyewe.