Tope la kale lililobeba shaba

Lubumbashi barafu tunaijua ya kwenye frigo, hasa Oktoba jua linapochoma. Ila kuna jiwe la Katanga ambalo wanajiolojia hulihusisha na barafu ya namna nyingine. Wanaliita kwa Kifaransa Grand Conglomérat: tope jeusi lililogeuka mwamba, limejaa mawe makubwa kwa madogo bila mpangilio, kama bukari ya mpishi asiyechekecha unga.

Mwanajiolojia Jules Cornet alipita huku na msafara wa Bia na Francqui kati ya 1891 na 1893, shaba ikiwa ndiyo hamu ya waliomtuma. Jina la jiwe lenyewe lina tahadhari: linataja mawe yaliyoshikamana, halimtaji aliyeyashikamanisha. Baadaye wengi wakajibu kuwa ni barafu, ya baridi kali iliyoanza yapata miaka milioni 717 iliyopita na kufika hadi karibu na ikweta.

Mto wa barafu hautelezi tu juu ya ardhi. Hukandamiza tope lililo chini yake. Maji ya kuyeyuka yakikosa pa kutokea, hujaa kati ya punje, nazo huachiana. Tope likishalegea, barafu hulikokota: sehemu ya juu hutangulia, ya chini hubaki nyuma, katikati hukunjamana na kukatika, mawe yakielekea upande wa safari yakiwa na mikwaruzo. Miaka ya 1970 Geoffrey Boulton alipima chini ya Breiðamerkurjökull, Iceland, akakuta sehemu kubwa ya mwendo wa barafu ile ni tope lenyewe linalojongea.

Ugomvi uko hapa. Tope linaloporomoka chini ya maji, kwenye mteremko wa bonde la ufa, nalo hujikunja na kuchanganya mawe. Waliochunguza miamba iliyotobolewa Kamoa, karibu na Kolwezi, wanaona humo maporomoko zaidi kuliko barafu. Mimi sioni lazima ya kuchagua: jiwe linaweza kukwaruzwa na barafu, kisha likaporomoka baharini.

Kwa muda mrefu watafutaji wa shaba walilihesabu jiwe hili kifuniko tu. Mali waliitafuta katika miamba ya chini yake. Kumbe Kamoa-Kakula, mgodi ulioanza kuzalisha 2021, umelala kwenye kitako chake. Maji yenye shaba yalipanda kupitia mchanga wa chini, yakakuta tope lenye salfidi ya chuma, yakatua mzigo hapo.