Pindi Lililofichika: Historia Fupi ya Kolonoskopi na Istilahi Yake

Mtafsiri apewapo kitabu cha utabibu wa kisasa hudhani kwamba taabu yake itakuwa majina ya magonjwa. Mara nyingi taabu kubwa zaidi huwa ni majina ya yale yatendwayo na mkono wa mganga. Makala hii yakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano wa kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa chombo chembamba kinachopindika, kinachoingizwa kwa njia ya haja kubwa.

Asili ya chombo hicho ni nyuzi za kioo. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany walieleza huko Uingereza jinsi fungu la nyuzi hizo liwezavyo kupitisha picha hata likipindwa. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha nchini Marekani chombo cha namna hiyo cha kutazamia tumbo. Mwaka 1969, mjini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuondoa vinyama vya utumbo mpana kwa njia hiyo, bila kumpasua mgonjwa tumbo.

Hata hivyo, kufundisha kazi hiyo kulikuwa kugumu. Kwa kawaida jicho moja tu ndilo lililotazama katika kioo cha chombo. Ilipotokea kamera ya elektroni mwaka 1983, mwalimu na mwanafunzi waliweza kutazama picha moja pamoja. Lakini picha hiyo ilionyesha ukuta wa utumbo tu. Umbo la chombo chenyewe lilibaki gizani.

Na hapo ndipo penye hatari. Utumbo mpana una urefu wa kiasi cha mita 1.5, na baadhi ya sehemu zake hazikushikamana na ukuta wa tumbo. Chombo kikisukumwa huweza kujikunja badala ya kusonga mbele. Utumbo huvutwa, mgonjwa huumia, na pengine utumbo hutoboka. Mwanafunzi asiyeona mkunjo huo huzidi kusukuma pale ambapo angepaswa kurudisha nyuma. Eksirei iliweza kuuonyesha, lakini kwa gharama ya mionzi.

Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza walitangaza njia nyingine, ya kutumia sumaku. Katika chombo kilichouzwa baadaye, koili ndogo zilizopangwa ndani yake hutoa nguvu hafifu za sumaku. Kipokezi kilichowekwa kando ya mgonjwa huzipokea, na kompyuta huchora umbo zima la chombo papo hapo, bila mionzi. Mwalimu aweza sasa kuonyesha kwa kidole kosa lilipo, na msaidizi akajua mahali pa kubonyeza tumbo. Faida hiyo ni kubwa hasa kwa wanaojifunza. Mabingwa huihitaji kidogo zaidi.

Kilichoonekana hapana budi kitajwe. Madaktari huutambua mkunjo mmoja kwa umbo la herufi N, na mwingine kwa umbo la alfa ya Kiyunani. Je, mkunjo wenyewe tuuiteje? Wengi watakimbilia neno kitanzi. Sisi hatuliafiki, kwa sababu mbili. Kwanza, katika hospitali zetu kitanzi ni chombo cha uzazi wa majira. Pili, mgonjwa wa kolonoskopi mara nyingi huwa macho, ingawa amepewa dawa ya kumtuliza. Akisikia daktari akisema kuna kitanzi tumboni mwake, atakumbuka kamba ya mnyongwa.

Twapendekeza pindi, kwa maana ile ile tuitumiayo tusemapo mapindi ya nyoka. Neno hilo laonyesha kitu kirefu kilichojikunja chenyewe, wala halimtishi mtu. Tena ni ndugu ya kupinda na kupindua, hivyo mwalimu aweza kueleza pindi lilivyotokea na jinsi ya kulipindua. Atakayepinga kwamba pindi pia ni wakati, tutamjibu kwamba hakuna atakayeyachanganya mawili hayo mbele ya picha.

Istilahi si pambo la kitabu. Katika chumba hicho mwalimu ana sekunde chache za kusema neno moja kabla mkono wa mwanafunzi haujasukuma tena. Neno hilo na lieleweke.