Bolti ya namba ngapi?

"Nipe bolti ya 13," fundi gereji humwambia muuza vipuri, na wanaelewana. Ila 13 hiyo ni ya spana inayoshika kichwa. Bolti yenyewe, kwa kawaida, ni ya 8.

Kwenye mchoro wa kiufundi utakuta M8 × 1.25 × 40. M ni hesi za mfumo wa milimita, 8 ni kipenyo cha nje cha hesi, 1.25 ni umbali wa uzi hadi uzi, 40 ni urefu. Pakiandikwa M8 × 40 tu, chukulia 1.25, kwani umbali huo hutajwa kwa hesi nyembamba tu. Urefu nao una ujanja wake: bolti ya pembe sita hupimwa kuanzia chini ya kichwa, skrubu ya kichwa cha kuzama hupimwa pamoja na kichwa.

"Namba" imebebeshwa mzigo usio wake. Kichwa cha M10 ni 17 kwa kiwango cha zamani cha Ujerumani, DIN, na 16 kwa kile cha kimataifa, ISO, lakini nati ileile huingia zote mbili. Ukienda dukani, taja M.