Kawawa na Silaha ya Mgomo

Shinyanga mjini, jina la Kambarage liko kwenye kata na kwenye uwanja wa mpira. Habari za Mwalimu tumefundishwa tangu darasa la tatu. Habari za mtu aliyemwachia uwaziri mkuu Januari 1962 tunazijua juu juu: Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, msaidizi mtiifu. Tunasahau kwamba aliingia katika siasa kupitia vyama vya wafanyakazi.

Alizaliwa 1926 huko Songea, akasoma Tabora, akawa karani wa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza filamu, ikiwemo Muhogo Mchungu, hivyo watu waliifahamu sura yake kabla ya hotuba zake. Aliongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Oktoba 1955 vyama vilipoungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi kuwapa mkono. Mkoloni hakumruhusu mtumishi wake kufanya siasa, kwa hiyo 1956 Kawawa aliacha kazi.

Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Sasa angeweza kuzungumza na Gavana barazani, huku nyuma yake wakisimama makuli, wapishi, wakata mkonge na watu wa reli ambao wakiweka zana chini, nchi inasimama. Mgomo ndio uliomfanya asikilizwe.

Kisha uhuru ukaja, naye akawa Waziri Mkuu. Katika 1962 hiyohiyo serikali yake ilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyolazimisha kila mgogoro upite kwa ofisa wa kazi, kisha usuluhishi, kisha baraza la uamuzi. Kwa vitendo, mgomo halali ukafa. Mkono wa pili ulitoa: sheria ya kiinua mgongo, na kima cha chini cha mshahara kikapanda.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mwenye mshahara alikuwa mmoja kati ya wengi. Hapa Usukumani, mchimbaji wa almasi Mwadui alipokea fedha kila mwezi, na jirani yake mkulima wa pamba alisubiri msimu na mvua. Je, mwenye mshahara agome, na mkulima ndiye alipie? Swali hilo lina uzito hata leo.

Lakini wenzake wa zamani waliona kingine. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli na mbunge, alipelekwa London kuwa balozi. Mwaka 1962 alijiuzulu, akaanzisha chama cha upinzani. Januari 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, na Tumbo naye akawekwa kizuizini. TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mfanyakazi akiwa na lalamiko dhidi ya wizara, alimpelekea waziri yuleyule.

Naona kosa la Kawawa liko hapo. Angeweza kumtetea mkulima bila kumziba mdomo mchimbaji. Na mdomo wenyewe haukuzibika: Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea viongozi wenye kiburi, wafanyakazi waliushika kama silaha, wakagoma, wengine wakawafungia mameneja nje ya viwanda.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Sheria ya kazi ya 2004 ilikuwa imeshatambua tena haki ya kugoma: siku 30 za usuluhishi, kura, kisha taarifa ya saa 48 kwa mwajiri. Kijana anayeshuka mgodini Geita leo ana haki ambayo kijana wa Mwadui alinyang'anywa 1962. Aliyemnyang'anya alikuwa mtu aliyejua thamani yake kuliko wote.