Matabano katika Dungeons & Dragons, 1974–2014

Mchezo huu wa mezani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Kanuni yake ya uchawi ilitoka katika hadithi za Jack Vance, mwandishi wa The Dying Earth (1950): mchawi hukariri tabano kutoka kitabuni, na akishalitamka hufutika akilini mpaka apumzike na kulisoma upya. Mchawi anayeanza alikuwa na tabano moja tu kwa siku. Likishatumika, alibaki na kisu chake, akijibanza nyuma ya wenzake. Ukali huo ulimfundisha mchezaji kupima kila hatua, na ndio uzuri mkubwa wa matoleo ya kale.

Toleo la tatu (2000) lilileta mchawi wa kuzaliwa, asiyehitaji kukariri. La nne (2008) likavunja mfumo mzima: kila mhusika, hata mpiganaji wa upanga, alipewa mbinu za wakati wowote, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku. Tangu toleo la tano (2014), mchawi huandaa matabano kadhaa, kisha hurudia lolote kati yake maadamu nguvu zake za siku hazijaisha. Yale madogo kabisa hayana kikomo.