Makali ya Tindo

Msomaji, ukitoka Fedha kwenda mjini, pitia Kamukunji usikie mshindo wa nyundo. Huko ndiko yafanyizwako masanduku ya bati wayachukuayo wanafunzi waendapo shule za bweni. Mafundi wake waliitwa Jua Kali, kwa kuwa walifanya kazi pasipo kivuli. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru, kisha wakajengewa mabanda. Lakini ustadi wao ulikuwapo kabla ya mabati hayo. Tindo ya kukatia chuma ikinolewa kwa pupa katika cherehe, hupata moto, ncha hugeuka buluu, na ugumu wake hupotea. Kwa hiyo fundi hunoa kidogo, huichovya majini, kisha hunoa tena. Sanduku lako, basi, lilianzia katika subira hiyo.